Mizani ya Farasi

Mwalimu akionekana mahali pa kamari, watu huuliza. Na wakiuliza, wana haki. Afadhali basi tuwaambie sisi wenyewe, kabla hamjasikia kwa wengine: tulikwenda kutazama mbio za farasi mjini Nairobi, Jumapili moja alasiri, tukakaa mpaka jua likaelekea kuchwa. Hatukuweka dau hata la senti moja. Walakini tulirudi nyumbani na deni, na habari ya deni hilo ndiyo inayotufanya tuandike.

Safari yenyewe ilikuwa ya arusi. Mtoto wa dada yetu alikuwa anamwoa binti wa Kenya, nasi kwa kuwa tu mjomba wake tulipaswa kuwapo. Jumamosi tulikula na kucheza pamoja na wakwe zetu. Jumapili, tulipotoka Misani, baba wa bibi arusi alitushika mkono akasema:

— Mkwe, leo nataka kuwaonyesha kitu kisichopatikana kwenu.

Tulipojua ni kitu gani, tulisitasita. Tukamjibu:

— Mkwe, tumesikia kwamba mahali pale watu huacha mishahara yao.

— Wengine huacha, ni kweli. Lakini sisi tutakwenda upande wa farasi, si upande wa madirisha ya fedha. Marehemu baba yangu alikuwa saisi. Karo yangu ya shule ilitoka katika mabanda yale.

Saisi ni mtunza farasi: ndiye ampaye majani na maji, amsuguaye kwa brashi alfajiri, alalaye karibu naye anapougua. Mkwe wetu alimtaja baba yake kwa heshima kubwa, hata hatukuthubutu kusema neno jingine. Tukapanda gari.

Kwetu Kongo farasi ni mnyama wa picha. Wanafunzi wetu humjua kwa kumwona Mtakatifu Martino akiwa juu yake, akikata joho lake ampe maskini nusu. Wachache sana wamewahi kumgusa. Sababu yake si uzembe wa mababu zetu, bali ni inzi. Mbung'o akimwuma farasi humtia ugonjwa ulio ndugu wa malale, naye hukonda mpaka akafa. Tena kuna ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, uletwao na vidudu vidogo kuliko mbu virukavyo wakati wa usiku. Ndiyo maana katika karne ya 20, huko Uele, kituo cha Gangala-na-Bodio kilifundisha tembo kulima na kukokota magari, kazi ambazo penginepo hufanywa na farasi na ng'ombe. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi. Farasi huishi vizuri pale, ingawa hata huko ni lazima wachanjwe.

Uwanja tuliopelekwa uko kando ya barabara ya Ngong, karibu na msitu, na vilima vya Ngong huonekana kwa mbali. Ulifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo mbio zilifanyika upande mwingine wa mji. Njia ya farasi ni ya majani mabichi, si ya udongo, nayo huzunguka eneo kubwa ambalo ndani yake watu hucheza gofu. Zamani za ukoloni mahali hapa palikuwa pa Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa kushika hatamu tu. Siku ile tuliona jamaa nyingi za Waafrika zimekaa majanini pamoja na watoto, na wapanda farasi Waafrika wamevaa nguo za hariri zenye rangi kama za ndege.

Kwanza tulishangazwa na farasi wenyewe. Ngozi yao ni nyembamba hata mishipa ya damu huonekana chini yake, na miguu ni myembamba kupita tulivyodhani. Mkwe wetu alitueleza kwamba hao si farasi wa kila namna, bali ni farasi wa nasaba moja, iliyofugwa Uingereza kwa ajili ya mbio. Ukifuata ukoo wao kwa upande wa baba, wote hufika kwa madume 3 tu, walioletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki na za Afrika ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Mmoja wao, aitwaye Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo katika nchi ya Syria akafikishwa Uingereza mwaka 1704. Tangu 1791 majina ya farasi wa nasaba hiyo yalianza kupigwa chapa katika kitabu, kama Padri aandikavyo wabatizwa: huyu ni mtoto wa nani, na mama yake ni nani. Asiyetoka katika vitabu vya namna hiyo hakubaliwi katika mbio hizo.

Tena tulijifunza kwa nini mbio zilizo kubwa huitwa mbio za dau. Sisi tulidhani dau ni la wale wanaopanga mstari madirishani. Kumbe dau la kwanza ni la wenye farasi. Zamani huko Uingereza kila mwenye farasi aliweka fedha sawa na mwenzake, zikakusanywa pamoja, na farasi aliyeshinda akamletea bwana wake zote. Hivyo ndivyo ilivyoanza mbio mashuhuri ya Derby mjini Epsom mwaka 1780, ambayo farasi 9 walishindana, na aliyeshinda aliitwa Diomed. Hata leo, katika mbio za daraja hilo, mwenye farasi hulipa ili jina la farasi wake liandikwe, mara nyingi miezi mingi mbele, kisha hulipa tena kadiri siku inavyokaribia. Farasi akiugua, fedha iliyokwisha lipwa hairudi. Kwa hiyo dau hasa huwekwa zamani kabla ya siku ya mbio, wakati hakuna mtu anayetazama wala kupiga makofi.

Mkwe wetu alitupeleka nyuma, karibu na jengo la mizani. Hapo tulimkuta mzee mmoja, mwembamba, mwenye mikono mikubwa, ambaye alikuwa amefanya kazi pamoja na marehemu. Tulimwamkia, akafurahi kusikia kwamba tu mwalimu.

— Basi, Mwalimu, akasema, tazama hapa. Hapa ndipo mbio zinapoanza.

Tuliona wapanda farasi wakija mmoja mmoja, kila mtu amekumbatia tandiko lake, wakipanda juu ya mizani. Karani alitazama, akaandika. Aliyekuwa mwepesi kuliko uzito uliotakiwa alipewa vipande vya risasi, akavitia katika mifuko ya kitambaa kikaacho chini ya tandiko. Baada ya mbio hurudi tena kupimwa, na kama uzito umepungua kupita kiasi, ushindi huondolewa.

Tukamwuliza mzee kwa nini hawapimwi wote sawa. Akatueleza kwamba mbio nyingi za siku ile zilikuwa za kusawazisha. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kujua nguvu za kila farasi. Farasi aliyeshinda mara nyingi humwongezea mzigo, aliyeshindwa humpunguzia, na shabaha yake ni kwamba wote wafike mstari wa mwisho pamoja, kana kwamba wamefungwa kamba moja. Bila shaka hawafiki pamoja, lakini hiyo ndiyo nia.

Sisi tulikuwa na moyo wa mwalimu. Tukaona jambo hilo ni dhuluma.

— Mzee, tukamwambia, farasi aliyeshinda amekosa nini hata aadhibiwe kwa risasi?

Akacheka.

— Hakukosa, Mwalimu. Anaweza.

Jibu hilo lilitunyamazisha. Baadaye, tulipofika nyumbani, tulisoma zaidi habari ya mizigo hiyo. Tulijua kwamba huko Uingereza mwaka 1855 Admiral Henry John Rous alipewa kazi ya kupanga mizigo ya farasi kwa niaba ya watu wote, na kwamba ndiye aliyetengeneza jedwali la uzito kwa kadiri ya umri, ili farasi mchanga asilinganishwe na aliyekomaa. Tulisoma vilevile habari za Australia, ambako mbio kubwa ya Melbourne ni ya kusawazisha. Mwaka 1890 farasi Carbine alishinda huko mbele ya farasi wengine 38, naye amebeba karibu kilo 66. Farasi Phar Lap alishinda mwaka 1930 akibeba zaidi ya kilo 62. Mwaka uliofuata wakamwekea kilo 68, akawa wa 8. Basi mpimaji anaweza kukosea. Aliye na nguvu anaweza kupewa mzigo mpaka nguvu zake zisionekane tena. Jambo hilo twalijua katika jamaa zetu, ambamo mtoto mmoja aliyesoma hubebeshwa ukoo mzima.

Lakini mbio iliyo kubwa ya siku ile haikuwa ya kusawazisha. Ilikuwa ya farasi wa miaka mitatu, mita 2,400, wenye mzigo mmoja, ila farasi jike hupunguziwa kilo chache. Katika Kenya, kama Uingereza, mbio za heshima kwa farasi wa umri huo ni za namna hiyo: Guineas ya mita 1,600, Derby ya mita 2,400, na St Leger iliyo ndefu kuliko hizo. Hapo hapana wa kuongezewa risasi kwa sababu ya sifa zake, wala hapana wa kuhurumiwa kwa sababu ya unyonge wake. Mwaka mzima wamesawazishwa. Siku hiyo hutakiwa kujulikana ni nani aliye bora.

Mzee wetu alikuwa na farasi mmoja katika mbio hiyo, dume wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe usoni. Tulimwona akimzungusha mbele ya watu kwa kamba, akimsemesha polepole kwa Kiswahili. Kisha mpanda farasi alirushwa juu ya tandiko, nao wakaenda zao.

Tulisimama kwenye uzio. Vizimba vilifunguka kwa kishindo kule mbali, tukaona rangi tu zikienda juu ya majani, bila sauti. Mbio yote haikupita dakika mbili na nusu hivi, walakini katikati yake ilionekana kama haina mwisho. Walipoikabili njia iliyonyoka, sauti ikatufikia: kwanza kama mvua inayokuja juu ya mabati, halafu nchi ikatikisika chini ya viatu vyetu. Farasi jike mwekundu alikuwa mbele. Dume jeusi akamfuata, akamfikia ubavuni, wakaenda hivyo shingo kwa shingo, na watu wote wakapiga kelele, nasi tukapiga kelele pamoja nao, hatujui tunamwitia nani. Jike halikukubali kupitwa. Akashinda kwa kichwa tu.

Farasi wa mzee wetu alikuwa wa mwisho, tena mbali.

Watu wakakimbilia mahali pa kumtukuza mshindi. Karibu yetu kijana mmoja alichana karatasi yake, akakaa chini na kushika kichwa kwa mikono miwili. Mkwe wetu alitunong'oneza kwamba ni mtoto wa jirani, na ya kwamba si mara ya kwanza. Nasi twajua, hatuna haja ya kwenda Nairobi kuona mambo hayo. Siku hizi mwanafunzi huweka dau kwa simu yake akiwa amekaa darasani, na fedha ya karo hutoka mfukoni bila mlango kufunguliwa. Wazazi, angalieni simu hizo. Kijana yule hakujua lolote la farasi aliyempotezea fedha: hakujua jina la mama yake, wala hali ya miguu yake, wala amelala namna gani usiku ule. Alitaka kuvuna katika shamba ambalo hakulilima siku moja.

Lakini sisi tulitaka kumwona mzee. Tulidhani tutamkuta na uchungu, pengine na hasira. Tulimkuta nyuma ya jengo, ameshika ndoo. Alikuwa anammwagia farasi maji mgongoni na shingoni, kisha anayakwangua kwa kipande cha chuma, kisha anammwagia tena. Mvuke ulitoka kwenye ngozi ya mnyama. Halafu akamfunika kwa blanketi jepesi, akaanza kutembea naye, kuzunguka, kuzunguka, mpaka pumzi yake itulie. Hatua chache kutoka hapo saisi mwingine alikuwa anamfanyia yule mshindi vivyo hivyo: ndoo ya namna ile ile, maji yale yale, mzunguko ule ule. Kama hatungalitazama mbio, hatungaliweza kujua ni yupi aliyeshinda.

Tukamwambia mzee pole. Akainama, akapitisha kiganja juu ya mguu wa mbele wa farasi, kutoka gotini mpaka kwatoni, polepole, kama mama apimavyo homa.

— Mguu huu, akasema, ulikuwa na joto wiki mbili zilizopita. Niliwaambia. Hawakunisikia. Mwalimu, farasi hasemi. Ni lazima mtu awe anashika miguu yake kila siku.

Njiani tukirudi, mkwe wetu alitusimulia habari ambayo baba yake aliisikia mabandani, nasi tangu hapo tumeisoma katika kitabu cha mwenyewe. Ni habari ya Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro katika shamba la baba yake aliyefunza farasi, akicheza na watoto Waafrika na kusema lugha zao. Ukame ulipolifilisi shamba, baba akaenda Peru, binti akabaki. Akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu alipata ruhusa ya kufunza farasi wa mbio, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kenya. Watu wengi humkumbuka kwa sababu mwaka 1936 aliruka peke yake kwa ndege juu ya bahari ya Atlantiki, kutoka Uingereza mpaka Kanada. Lakini mabandani hawakumkumbuka kwa ndege.

Mwaka 1926 alikuwa anamtayarisha dume aitwaye Wrack kwa ajili ya St Leger. Alimtunza mpaka akawa ndiye aliyetazamiwa kushinda. Majuma machache kabla ya mbio, mwenye farasi aliogopeshwa na maneno ya watu: ataachaje mali kama ile mikononi mwa msichana? Akamwondoa Wrack, akampa mwalimu mwingine. Beryl akabaki bila farasi wa kushindana. Mtu mmoja akamletea farasi jike, Wise Child, mwenye damu njema lakini mwenye miguu iliyoharibika. Kano zake zilikuwa zimeumizwa kwa kukimbizwa kwa nguvu kabla hazijakomaa, na walio wengi walimhesabu kuwa amekwisha.

Yeye hakumkimbiza. Pamoja na arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyefanya kazi naye mabandani, aliishughulikia miguu ile siku kwa siku, akipima kila asubuhi ni kazi kiasi gani inayoweza kuvumiliwa, wala si zaidi. Siku ya mbio, katika uwanja wa zamani wa Nairobi, Wise Child alisimama pamoja na Wrack. Mpanda farasi wake alikuwa Sonny Bumpus. Kwenye njia ya mwisho, kama asimuliavyo Beryl mwenyewe, miguu ilianza kumsaliti, lakini jike lilikuwa limekwisha tangulia, nalo halikuachia. Akashinda.

Baada ya habari hiyo tulikaa kimya ndani ya gari. Mkwe wetu alidhani tumechoka. Hatukuchoka. Tulikuwa tunamkumbuka mtu mmoja, na hapa, wasomaji wapendwa, tunafika kwenye deni letu.

Miaka ya kwanza ya ualimu wetu tulifundisha katika shule moja ya misioni kando ya ziwa Tanganika. Tulikuwa tumetoka seminarini, tukijua Kilatini na kupenda utaratibu. Katika darasa letu alikuwamo mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili hivi ambaye alilala. Hakulala kwa utundu: alikaa wima, macho wazi, kisha kichwa kikainama polepole mpaka kikagusa dawati. Tulimwamsha, tukamsimamisha, tukamtoa nje. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Mwisho wa mwaka tulitoa mtihani, karatasi moja kwa wote, saa moja kwa wote, nasi tulijisifu moyoni kwamba hatukupendelea mtu. Alipata alama 11 katika 50. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo. Tukaandika katika daftari neno moja, na kwa neno hilo akaondolewa shuleni. Mama yake alikuja, akasimama mlangoni, tulimwonyesha alama. Alitazama karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akasema: "Asante, Mwalimu," akaenda zake.

Miaka mingi ikapita. Siku moja, katika bandari ya Kalemie, tulitafuta mtumbwi wa kutuvusha sisi na mizigo yetu. Mwenye mitumbwi alitutazama, akatuamkia kwa jina letu. Alikuwa yeye. Alikuwa na mitumbwi 3 yenye mashine na vijana 7 wa kazi. Alikuwa anahesabu magunia ya dagaa ya wachuuzi, nasi tukaona daftari lake. Halikuwa na maandishi. Lilikuwa limejaa alama alizozitunga mwenyewe: samaki mdogo, duara, mistari, msalaba, kila mchuuzi na alama yake, kila deni na mistari yake, ukurasa baada ya ukurasa, pasipo kufutwa. Tulimwomba atufafanulie. Akatufafanulia hesabu ya miezi minne bila kukosa. Mtu aliyeweza kujitungia maandishi yake mwenyewe ndiye sisi tuliyemwandika kuwa hawezi kusoma.

Tukamwuliza, kwa aibu, kwa nini alikuwa analala darasani. Akashangaa kwamba hatukujua.

— Baba alikufa, Mwalimu. Nilikuwa navua usiku na mjomba. Tulifika pwani kengele ikilia.

Alikataa nauli yetu. Tulivuka ziwa bila kusema neno.

Hatusemi kwamba mtihani ulikuwa mbaya. Kuna siku ambayo lazima wote wabebe mzigo mmoja. Mganga atakayempasua mtoto wetu, hatutaki awe amepunguziwa alama kwa huruma. Na mtoto wa tajiri na wa maskini wakikaa mbele ya karatasi moja, hiyo ni haki, nayo imewainua wana wengi wa maskini, sisi tukiwa mmoja wao. Wala hatusemi kwamba kila aliye wa mwisho anaonewa. Lakini mbio ya mzigo mmoja ni ya haki kama kabla yake, katika miezi isiyotazamwa na mtu, yupo aliyeshika miguu ya kila farasi. Yule mtoto aliingia katika mtihani wetu akibeba usiku mzima wa kuvua. Sisi tulipima kila kitu isipokuwa hicho. Tulikuwa na mizani, hatukuwa na kiganja.

Neno hili si la walimu tu. Baba huwafananisha watoto wake mezani: "Mdogo wako amekuwa wa pili, na wewe?" Je, amejua ni nani kati yao achotaye maji kabla ya masomo? Mama humwongezea kazi binti aliye hodari, kwani anaweza, mpaka uhodari wenyewe ukafa, kama Phar Lap chini ya kilo zake. Anayeweza apewe zaidi, ni vema. Lakini mwenye kuongeza risasi hana budi kurudi mara kwa mara kutazama mgongo.

Tuliporudi kutoka Nairobi tulinunua daftari jipya. Tumeligawa kwa mstari wa wima katikati. Upande wa kuume twaandika alama, kama zamani, nazo ni zile zile kwa wote. Upande wa kushoto twaandika mzigo: huyu hutembea kilometa 6 kila asubuhi; huyu anamtunza bibi kipofu; huyu hakula jana. Kuujaza upande wa kushoto ni kazi kuliko upande wa kuume, maana watoto, kama farasi, hawasemi. Yatupasa kwenda nyumbani kwao jioni na kukaa kitako. Watoto wengine wamesaidika kwa hilo. Wengine hatujaweza kuwasaidia, lakini angalau tunajua.

Na yule wa Kalemie? Likizo iliyopita tulimwendea. Tulimwambia kwamba, akitaka, tutamfundisha kusoma sisi wenyewe, bure, saa yoyote atakayochagua. Alicheka sana, akawaita vijana wake wasikie. Kisha akanyamaza, akafikiri, akasema kwamba usiku hawezi, kwa sababu ya samaki, na alfajiri hawezi, kwa sababu ya wachuuzi. Lakini saa nane mchana, jua likiwa kali na mitumbwi imevutwa juu ya mchanga, hapo ana nafasi kidogo.

— Ila, Mwalimu, akasema, nikilala, usiniamshe kwa fimbo.

Tumekwisha fika herufi ya M.